Shaghalabaghala Ina Mwenyewe

Mchafukoge, Dar es Salaam
4 Machi 2024

Kwa mdogo wangu Hafidhi,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, Husna mzima, Celina wa mlango wa pili anakusalimu. Biashara ya khanga pale Mtaa wa Kongo inaenda hivyohivyo, wateja wanashika, wanakunja, wanaondoka. Natumaini Amira na watoto hawajambo huko Tunduru. Salamu zimekwisha.

Simu zako naziona. Sizipokei na sitazipokea. Ukitaka kusema na mimi andika, peleka stendi, mkabidhi kondakta wa basi la Dar, na mimi nitafanya vivyo hivyo. Maneno ya mdomoni nimeyachoka. Mtu anasema leo, kesho anasema hakusema. Ya kwenye karatasi hayakaniki.

Jana alikuja Bi Chiku, shangazi yake Ismail. Nikamwandalia chai, akakataa. Mtu akitoka Buguruni mpaka hapa, akapanda ngazi zote hizi halafu akakataa chai, ujue kaja na lake. Akakaa ukingoni mwa kiti, akaniambia: "Maimuna mwanangu, posa ya Husna tuliileta kwa heshima tangu mwezi wa kumi na mbili. Marehemu mama yenu akafariki, tukasema tungoje, msiba uishe, mjomba atujibu. Sasa jibu la mjomba tumeshalisikia."

Nikamuuliza jibu gani, maana mjomba hajajibu kitu.

"Siku ya arobaini nilimkuta kwenye ngazi, sahani ya pilau mkononi. Nikamwamkua, nikamuuliza, haya mjomba, nyumba hii vipi? Akanijibu kwa kinywa chake, 'Nyumba hii? Shaghalabaghala.' Basi mwanangu, ikiwa ndugu wa tumbo moja anasema hivyo, sisi watu wa mbali tumwingize wapi kijana wetu?"

Hafidhi, ulisema au hukusema?

Niliazimia kumsuta. Si masihara. Nilishaongea na wanawake wenzangu wa Ilala, tumfuate mpaka mlangoni kwake, tumpigie ngoma na vigelegele vya kejeli, aulizwe mbele ya majirani zake: nani kakwambia? Halafu nikakaa kitandani nikafikiri. Suto ni la mwongo. Nikimsuta, akisema aliyeniambia ni mdogo wako, na mdogo wangu akiulizwa akasema ndiyo, ngoma yote inanigeukia mimi. Umeninyang'anya hata haki ya kumsuta mtu!

Unazijua desturi zetu kama ninavyozijua. Marehemu baba yake Husna ana ndugu yake, yeye ndiye atakayeozesha. Lakini sisi Wazaramo posa haipiti bila mjomba, na mjomba ni wewe peke yako. Mtoto anangoja neno lako moja, ndiyo au hapana. Neno ulilolitoa ndilo hilo.

Ismail bado anampigia, ila anapiga akiwa gereji chini ya magari ya watu, kwao wasimsikie. Husna hali vizuri. Niandikie mambo mawili tu: ulisema nini, na posa unaijibuje. Kingine sikitaki.

Dada yako,
Maimuna


Tunduru
19 Machi 2024

Dada Maimuna,

Shikamoo. Ramadhani karimu. Sisi hatujambo, Amira anakusalimu sana, mtoto wetu wa mwisho ameng'oka jino na anataka kila mgeni alitazame. Mvua huku ni nyingi, mahindi yamependeza. Shuleni nawafundisha kidato cha pili visawe, kwa hiyo barua yako imenikuta nikiwa katika mada hiyohiyo.

Nimeisoma zaidi ya mara moja, na naona umelikasirikia neno lisilo na kosa. Nisikilize kwa utulivu, dada yangu. Lugha yetu ina maneno mengi ya mambo yasiyo na mpango, na kila moja lina kazi yake. Vurugu ina watu wanaogombana. Fujo ina makelele na ukaidi. Ghasia ni msongamano, watu hawapitani, kama hapo Kariakoo mkesha wa Idi. Zogo ni la midomo. Lakini shaghalabaghala haina mtu ndani yake. Ni vitu tu. Ni viatu huku na huku, vyombo kitandani, vitabu sakafuni, kila kitu kipo ila hakipo mahali pake. Fungua kamusi yoyote uipendayo, hutakuta tusi hapo.

Ndiyo, nilisema kitu kama hicho. Nilipanda ngazi nikakuta makochi yote yako koridoni, kabati limegeuzwa uso ukutani, magunia ya nguo jikoni, masufuria ya shughuli mpaka chooni. Mama wa watu akaniuliza nyumba vipi, nikamweleza nilichokiona. Kama yeye kaelewa mengine, hilo ni la kwake. Mweleze tu maana ya neno, atakuelewa. Na mtu anayekaa kata inayoitwa Mchafukoge, kweli, aogope kaneno kama haka? Nakutania tu, usininunie.

Posa nitaijibu. Ila kuna jambo nami sijalielewa, na kabla sijajibu nakuuliza. Nilipokuja arobaini, kitanda cha Mama sikukiona. Godoro lake pia. Viko wapi?

Mdogo wako,
Hafidhi


Mchafukoge
2 Aprili 2024

Hafidhi,

Marahaba. Tunafunga, tunafuturu, tunamshukuru Mungu. Celina kala Pasaka juzi, katuletea wali na kuku, tukafuturia. Jino la mtoto nimelifurahia, mwambie shangazi yake kasema alitupe juu ya bati.

Nilikuomba majibu mawili, umeniletea kipindi cha darasani. Sasa kaa wewe kwenye dawati.

Shaghalabaghala haina mtu ndani yake? Kochi lina miguu lakini haliendi, Hafidhi. Halikujitoa lenyewe sebuleni. Nikisimama Tunduru nikasema darasa la Mwalimu Hafidhi ni shaghalabaghala, ataitwa nani ofisini, dawati? Nikisema jiko la Amira ni shaghalabaghala, mkeo atakaa kimya kwa sababu kamusi imesema ni vitu tu? Thubutu! Kila penye shaghalabaghala pana mtu aliyeyaacha mambo yakawa hivyo, na watu wakilisikia neno hawatazami vitu, wanamtafuta huyo mtu. Ukisema nyumba ya mwanamke, tena mjane, tena ana binti anayeposwa, hawatafuti mbali. Wanasema mama hana mpango, na mtoto kalelewa na mama. Hiyo ndiyo maana yake hapa Dar es Salaam. Kamusi yako haijawahi kuposwa.

Na neno halikukaa Buguruni. Sijui nani kalivusha mpaka Mtaa wa Kongo. Wiki iliyopita Husna kaniletea mzigo mezani, vijana wanaouza viatu wakapaza sauti: "Oya, Shaghala huyo!" Kipande kilichobaki wakanipa mimi. "Mama Baghala, mambo?" Mmoja wao namjua tangu hajaota ndevu. Nikamvuta shati, nikamuuliza, unajua baghala ni nini? Akacheka. "Aa mama, si jina tu, tunataniana, usimaindi." Yeye hajui, lakini wewe unajua. Baghala ni nyumbu. Mnyama wa kubebeshwa mizigo. Neno lako moja wamelikata vipande viwili, kimoja kavishwa mwanangu, kimoja nimevishwa mimi, na tunavivaa kutwa nzima juani pale.

Utani wa Mchafukoge nimeuzoea tangu nihamie hapa. Kila mgeni anadhani kaubuni yeye. Haunikeri, kwa sababu jina hilo la kata halikutolewa na ndugu yangu.

Kitanda cha Mama hakipo. Godoro halipo. Usiulize tena.

Posa, Hafidhi. Posa!

Maimuna


Tunduru
28 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Idi tuliila salama, watoto walivaa zile kanzu ulizowatumia, asante. Amira alitaka niongeze salamu nyingine, lakini nitamwambia nimeziandika.

Sasa nami nimekasirika, kwa hiyo ualimu nauweka kando.

Nilisema. Na nilikusudia. Husna sikumkusudia, Mungu anajua. Nilikukusudia wewe.

Mwezi wa kwanza, Jumanne asubuhi, ulinipigia simu ukasema Mama ametutoka. Nilikuwa darasani, chaki mkononi. Nikakuambia ningojeni, nakuja, naingia kwenye basi sasa hivi. Ukasema haya. Ni neno lako hilo, haya. Nikasafiri mchana na usiku, na njiani nikawa najiambia nitamshusha mwenyewe, mikono hii, mtoto wake wa kiume ni mmoja. Nikafika alfajiri. Mkaniambia amezikwa jana alasiri. Mama yangu kashushwa kaburini na wauza viatu wa mtaani kwenu na mimi nilikuwa Lindi napiga chenga mashimo ya barabara.

Nilikuuliza kwa nini. Ukasema, "Ilibidi." Nikakuuliza tena siku ya tatu. "Ilibidi, Hafidhi." Nikarudi huku na hilo ilibidi lako tu. Nikaja arobaini, nikaingia sebuleni pale alipokuwa amelala, nikakuta patupu. Kitanda hakuna, godoro hakuna, mto hakuna, hata ule mswala wake wa kijani hakuna. Nikakuuliza, ukanijibu nini? "Nipishe nipite na sinia." Nikatoka kwenye ngazi, na huyo Bi Chiku ndipo aliponikuta na swali lake.

Nyumba ambayo mtoto haambiwi mama yake alikufaje, wala kwa nini hakungojewa, wala vitu vyake vimeenda wapi, mimi naiitaje? Nilitafuta neno, likaja hilo. Kila kitu hakipo mahali pake, dada, na mimi mwenyewe nikiwemo.

Basi posa siijibu. Siijibu mpaka uniambie kwa nini hukuningoja. Siku ya maziko mtoto wa kiume hakuhitajika, leo kuna posa ndiyo mjomba anakumbukwa. Haiwezekani.

Hafidhi


Mchafukoge
22 Mei 2024

Hafidhi,

Barua yako ya Aprili imenifikia jana. Barabara ya kusini ilikatika kwa mvua, mabasi yakalala njiani, bahasha imekuja imelowa na nusu ya hasira zako zimechuruzika wino. Zilizobaki zimenitosha.

Bi Chiku kaleta ujumbe. Wanangoja mpaka Idi kubwa. Ikipita bila jibu la mjomba wanaichukua posa yao na kuipeleka kwingine, na binti wameshamwona, yuko hukohuko Buguruni. Husna kasikia. Anakunja khanga zilizokwisha kukunjwa.

Unasema hukumkusudia Husna. Ukirusha jiwe Kariakoo saa sita mchana humkusudii mtu.

Hilo unalouliza, jibu lake ni hili, na sitalirudia. Mama nilimwosha mimi. Mwosha haambii alichokiona. Tulikaa chuo kimoja, mkeka mmoja, tukafundishwa hivyo na maalimu yuleyule aliyekuchapa wewe kwa kusinzia. Sikuambii. Posa na irudi, uninunie mpaka siku ya kiyama, sikuambii. Mwosha huoshwa, na mimi nataka atakayeniosha anifichie.

Ulipokuwa unapiga simu Mama akiwa mgonjwa, ulikuwa unauliza, "Anaendeleaje?" Nikisema anaendelea, ulikuwa unasema alhamdulillahi, unakata. Hukuwahi kuuliza anaendelea kwenda wapi.

Maimuna


Tunduru
4 Juni 2024

Dada Maimuna,

Shikamoo. Huku baridi imeanza. Watoto wamepata mafua. Sina salamu nyingine.

Nilimpigia simu Celina. Najua utakasirika, kasirika. Nikamwomba aniambie wewe usichotaka kuniambia. Mama yule aliniheshimu sana, lakini alinifungia mlango. Alisema, "Mwalimu, mimi si ndugu yenu na siri za nyumba hiyo si zangu. Ila nikuulize kitu. Ulishawahi kumwuguza mtu mzima aliyelala chali miezi mitatu akatoka vidonda, na hili joto la Dar?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi tulia." Halafu akaniambia jambo moja tu, kwamba hapo kwenu hakuna lifti, na kila siku ya kliniki ulimshusha Mama kwa mgongo ngazi zote zile, ukampandisha kwa mgongo. Akasema watu wa chini walikuwa wanasimama kando kukupisheni.

Hilo hukuniambia. Miezi mitatu, Maimuna! Uliniambia anaumwa miguu. Nikatuma dawa ya kuchua.

Nadhani sasa ninajua kwa nini sikungojwa, na nadhani najua godoro lilienda wapi. Silisemi. Lakini usidhani hasira zimekwisha, zimebadilika tu. Ulinificha Mama akiwa hai, ukanificha Mama akiwa amekufa. La pili nakuachia, ni la mwosha. La kwanza ulilitoa chuo gani? Ningeacha kazi ningekuja. Ningembeba mimi. Ulijitwika mama wa watu wawili peke yako, halafu umekasirika kwamba hukusaidiwa.

Kuhusu posa, mambo haya hayajibiwi kwa karatasi. Nitakuja mwenyewe nikipata ruhusa. Mkuu wa shule anasema ningoje likizo. Waambie hao watu wa Buguruni wasubiri, hakuna aliyekufa kwa kusubiri.

Hafidhi


Mchafukoge
20 Juni 2024

Kwa mdogo wangu Hafidhi,

Assalaam aleikum. Idi njema. Nguo za watoto nimezituma kwa basi la juzi, ya binti ina pindo refu makusudi, akue nayo. Mafua wapike tangawizi.

Umeniuliza kwa nini sikukuambia. Mama alinikataza, halafu akasahau kwamba kanikataza, akawa anauliza kila jioni Hafidhi kaja? Mimi nikashika lile la kwanza. Kama nilikosea Mungu atanihukumu, si wewe uliyekuwa unatuma dawa ya kuchua. Huo ndio mwisho wangu katika hilo.

"Wasubiri," unasema. Umezoea wanafunzi, wewe. Wanakaa mpaka ukipenda kugonga kengele.

Wamekuja Idi pili. Bi Chiku, mama yake Ismail, na wanawake wengine wa kwao, wamevaa wakavaa. Nilijua wanakuja. Alfajiri niliamka niipange nyumba, maana makochi yako koridoni mpaka leo, Hafidhi, hujakosea. Tangu Januari sijayarudisha. Yaliwekwa pale ili kitanda cha Mama kipate nafasi penye dirisha, na nikiyarudisha basi pale alipokuwa amelala pamekuwa sebule, watu watakaa, watakunywa soda. Sikuweza. Nasema kweli, si uvivu, sikuweza. Ila kwa ajili ya Husna nikashika kochi upande mmoja, yeye upande wa pili, tukalifikisha mlangoni. Pale mlangoni nikaliachia. Husna akaniuliza, "Mama, linaingia au linatoka?" Nikamwambia liache hapohapo, wageni watalipita.

Wakalipita, kwa ubavu, na nguo zao za Idi. Wakakaa mkekani. Bi Chiku akazungusha macho ukutani, kwenye kabati, kwenye yale magunia. Akasema kwa sauti laini, "Lisemwalo lipo."

Hafidhi, nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumchamba, ya miezi minne. Yote yakanitoka. Nikasema, "Ndiyo, lipo. Nyumba yangu ni shaghalabaghala. Mdogo wangu kasema kweli, na mimi ndiye niliyeifanya hivyo, kwa mikono yangu. Mama yangu kaumwa humu. Kitanda kilikuwa hapo ulipokaa, Bi Chiku. Makochi yalitoka ili yeye aingie. Kabati nililigeuza kwa sababu kioo kilikuwa kinamtisha, alikuwa hamjui yule bibi aliyekuwa humo. Nguo zilifuliwa usiku na mchana, zikaanikwa mpaka kwenye ngazi, majirani wakazipita hawakusema neno. Huyu Husna mnayeuliza kalelewaje, alikuwa anamlisha bibi yake kwa kijiko, akitemewa anaanza upya. Sokoni wananiita Baghala. Sawasawa. Nilimbeba. Anayetaka nyumba iliyopangika akaitafute kwa watu wasiouguza."

Nilikuwa nimesimama, na sikujua kwamba nimesimama. Husna alikuwa analia jikoni, namsikia. Mama yake Ismail akahama mkekani taratibu, akasogea kando. Akamwambia Bi Chiku, "Wifi, ondoka hapo. Umekalia mahali pa mgonjwa." Bi Chiku akaondoka.

Wakanywa chai wote. Nilidhani yamekwisha. Lakini Bi Chiku ni Bi Chiku, kikombe kilipofika nusu akauliza, "Haya, yote tumeyasikia. Na mjomba?"

Wakanitazama wote. Husna katoka jikoni kasimama mlangoni, mkono kwenye lile kochi. Nikamtazama yeye. Nikasema, "Mjomba amejibu. Ameniandikia. Amekubali, na amesema amefurahi."

Bi Chiku akataka aione barua. Nikamwambia barua za ndugu yangu hazisomwi na wageni. Mama yake Ismail akapiga kigelegele, na wenzake wakapokea, na Celina akatoka kwake mbio anauliza kuna nini.

Hukuniandikia hivyo. Najua hukuniandikia. Nimesema kwa kinywa chako bila ruhusa yako, mbele ya watu, na neno limeshafika Buguruni, kulirudisha hakuwezekani. Sasa unajua nilivyokaa tangu mwezi wa tatu.

Sijakusamehe, na wewe hujanisamehe, wala arusi haitungoji tumalize. Ndoa ni Jumamosi, tarehe sita Julai, baada ya swala ya alasiri, hapahapa nyumbani. Kiti cha mjomba kitakuwa mbele, mahali penye dirisha. Kisipokaliwa watauliza, na safari hii sitakusemea.

Kama nimesema uongo, njoo unikane. Husna atakuwa amekaa kwenye mkeka, amepakwa hina mpaka viwikoni, anakutazama. Mwambie yeye.

Dada yako,
Maimuna